Mombasa mpaka Seattle ni mbali kiasi gani, na mbona kila tiketi ina masaa yake?

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia, nimelifupisha swali lake kidogo. Kakake amehamia Seattle kule Marekani, mke wake atajifungua mwezi wa kwanza, na mama yao wa miaka 68 ataka kwenda kumuona mjukuu. Dada kaingia kwenye intaneti kaambiwa Mombasa mpaka Seattle ni kilomita 14,900 na ndege yachukua masaa 19. Kaenda kwa ejenti mjini kapewa tiketi tatu: ya kupitia Istanbul masaa 23, ya kupitia Dubai masaa 27, na ya kupitia Nairobi na New York masaa 33, na hii ya mwisho ndio bei ya chini. Alafu ile ya Istanbul imeandikwa yaondoka Jumatano alfajiri na kufika Jumatano hio hio alasiri. Sasa auliza, "Mwalimu, hapa nani mkweli? Na mamangu ataiweza safari hii?"

Dadangu, wote wakweli, ila kila mmoja anahesabu kitu chake. Intaneti inahesabu ndege ambayo haipo, ejenti anahesabu kuanzia ndege ya kwanza inapong'oka mpaka ya mwisho inapotua pamoja na kukaa kwenye eapoti katikati, na hizo saa zilizoandikwa kwenye tiketi zafuata saa ya ukutani ya kila mji. Na mama ataiweza, lakini inategemea mtamchagulia tiketi gani, na hapo ndipo nataka tukae sana manake watu wengi waangalia bei na masaa peke yake alafu mzee ndio anateseka njiani.

Kazi yangu ilikuwa kupanga njia za ndege, yaani zile karatasi anazopewa rubani kabla hajaondoka, zenye njia atakayopita, mafuta atakayobeba na upepo atakaokutana nao. Kwa hivo nianze na hio njia.

Ukichukua ramani ya ukutani ile ya shuleni ukapiga mstari kwa rula kutoka Mombasa mpaka Seattle, mstari utakwenda magharibi, upite Uganda, Congo, Cameroon, Nigeria, utokee Senegal, uvuke Atlantiki, uingie Marekani upande wa mashariki na kuikata nchi yote mpaka Seattle. Njia hio ni karibu kilomita 17,000. Sasa mtafute mtoto mwenye mpira, au kama mna ile dunia ya duara ya kuzungusha ndio bora zaidi, chukua uzi, shika ncha moja kwenye Mombasa na nyingine kwenye Seattle uvute mpaka ukaze. Uzi hautaki kwenda magharibi kabisa, unakimbilia kaskazini! Unatoka kwetu, unakata Ethiopia, unapita jirani na Khartoum, Misri, bahari ya Ugiriki, Hungary, Denmark, unapanda mpaka Greenland kwenye barafu, alafu ndio unateremka Canada mpaka Seattle. Hio ndio kilomita 14,900 uliyoiona. Tofauti na ile ya rula ni kama kilomita 2,000, yaani zaidi ya masaa mawili ya ndege, kwa sababu tu dunia ni mviringo na ramani ni karatasi. Ramani zenyewe nyingi zimefuata mtindo wa Mercator, mchora ramani aliyeichora yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia wa dira, na kwa dira ni nzuri mno, lakini kule juu kaskazini yavuta nchi ikawa kubwa kupita kiasi ndio maana mtu haamini akiambiwa njia fupi ya Marekani yapita Greenland.

Na ili ujue 14,900 ni mbali kweli: mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hivo hakuna mahali popote palipo mbali na Mombasa kuzidi 20,000. Pahali penyewe pa mwisho kabisa kutoka kwetu pako katikati ya Pasifiki kusini mashariki mwa Hawaii, maji matupu. Kwa hivo Seattle ni robo tatu ya umbali wote ambao binadamu wa Mombasa aweza kwenda. Mama anafunga safari ya kweli huyu.

Sasa utauliza, mbona hakuna ndege ya moja kwa moja? Ndege zenye uwezo zipo. Singapore Airlines yaenda Singapore mpaka New York bila kutua, kilomita kama 15,300, zaidi ya masaa 18 hewani, kwa Airbus A350 iliyotengenezwa makusudi kwa masafa hayo. Lakini safari ndefu namna hio ndege inachoma mafuta mengi kwa ajili ya kubeba mafuta, manake yale ya saa ya kumi na tano lazima uyabebe tangu saa ya kwanza na uzito wake nao unakula mafuta, kwa hivo inabidi upunguze abiria na uwauzie ghali hao waliobaki. Singapore na New York matajiri wa kujaza ndege kila siku wapo. Mombasa na Seattle hawapo wa kutosha. Hata Nairobi mpaka New York, ambayo Kenya Airways walianza tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787, ni kilomita kama 11,840 na ilichukua miaka mingi ya kusubiri vibali mpaka ikaruka. Na Nairobi ina tatizo ambalo sisi wa pwani hatuna, iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa kule ni nyepesi, ndege haipati nguvu ya kuinuka na mzigo wote kama inavyoinuka kiwanja cha karibu na usawa wa bahari kama hiki chetu cha Moi pale Port Reitz. Hili nalisema manake watu wapenda kusema kiwanja cha Mombasa ni kidogo, hapana, kile ni kiwanja cha maana na barabara yake ya kurukia ni zaidi ya kilomita tatu.

Basi kama hakuna moja kwa moja, swali linakuwa: nitue wapi katikati ili nisitoke nje ya ule uzi? Hapa ndipo patamu. Mombasa mpaka Istanbul ni kama kilomita 5,150, Istanbul mpaka Seattle kama 9,750. Jumlisha. Ni 14,900, ile ile! Istanbul haiko juu ya uzi wenyewe, iko pembeni kama kilomita 450 hivi, lakini kwa safari ndefu namna hii ukisogea pembeni kidogo hio 450 haikuongezei hata kilomita 50 njiani. Mtu akikwambia kupitia Uturuki ni kuzunguka, mwonyeshe uzi.

Dubai je? Mombasa mpaka Dubai ni kama 3,680, Dubai mpaka Seattle kama 11,930, jumla 15,600. Umezidisha kilomita 700 tu, hata saa moja ya ndege haifiki. Na uzi wa Dubai na Seattle ni wa ajabu, unapita karibu mno na Ncha ya Kaskazini, chini ya kilomita 200 kutoka pale penyewe. Ndege haifuati uzi huo sawasawa kila siku, rubani anafuata upepo na ruhusa za nchi, lakini inakata Urusi na bahari ya barafu kweli, na kule baridi ni kali mpaka mpangaji njia anaangalia mafuta yasije yakaanza kuganda kwenye matangi, manake mafuta ya kawaida ya ndege aina ya Jet A-1 huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri. Usiogope, hio ni hesabu ya kila siku, wapangaji wanayo kabla ndege haijaondoka, na rubani ana kipimo mbele yake akiona yamekaribia ateremka chini kidogo kwenye hewa yenye joto au aongeza mwendo.

Doha ni kama Dubai, jumla 15,400. Na ile ya New York? Mombasa Nairobi 425, Nairobi New York 11,840, New York Seattle 3,900, yaani zaidi ya 16,100. Ndio ndefu kuliko zote, lakini kumbe tofauti na Istanbul ni kilomita 1,250 tu, saa moja na nusu ya ndege. Sasa mbona tiketi moja ni masaa 23 na nyingine 33? Tofauti ya masaa kumi! Hapo ndio uone, dadangu, kilomita si ndio zinazokula siku. Zinazokula siku ni viti vya eapoti.

Tuzipige hesabu. Hewani, Mombasa mpaka Istanbul ni kama masaa 7 ikiwa ndege haitui pengine njiani (uliza hilo, wakati mwingine hutua kuchukua watu wa mji mwingine), Istanbul mpaka Seattle ni kama 11 na dakika 45. Jumla karibu masaa 19. Dubai: 5 na 14 na nusu, 19 na nusu. New York: 1, na 15, na 6, jumla 22. Kwa hivo ile 19 ya intaneti ilikuwa karibu na ukweli ingawa imepatikana kwa njia ya mkato, manake zile kurasa nyingi huchukua umbali zigawanye kwa kama kilomita 800 kwa saa alafu ziongeze nusu saa ya kuruka na kutua, basi. Ndege kubwa ikishakaa juu yaenda kama 900 kwa saa, lakini ukiweka na kupanda, kushuka, kuzunguka kungoja zamu ya kutua na kutambaa chini kwenye kiwanja, hio 800 inakuwa si mbaya. Na masaa ya kwenye tiketi yahesabiwa tangu ndege inapoacha pale abiria walipopandia mpaka inaposimama pale watakaposhukia, si tangu magurudumu yanapoacha ardhi, na mashirika huongeza na akiba kidogo ndani yake. Ndio maana rubani hutangaza tumefika kabla ya wakati ilhali mlichelewa kuondoka.

Kitu ambacho kurasa za intaneti hazikijui ni upepo, na sisi watu wa pwani tusifundishwe habari ya upepo. Babu zetu walikuja na jahazi kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, hakuna nahodha aliyepiga hesabu ya siku za safari bila kuuliza msimu. Kule juu kilomita 9 mpaka 12 ni hivo hivo: kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kaskazini ndio hupata nguvu zaidi, inaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Anayekwenda Marekani anapigana nao, anayerudi wamsukuma. Kenya Airways Nairobi kwenda New York ni kama masaa 15, kurudi 14, njia ile ile ndege ile ile. Na mwezi wa pili mwaka 2020 kulipokuwa na dhoruba waliyoiita Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni zaidi ya sita. Kwa mama kupitia Istanbul upepo huo hautamsumbua sana kama wale wa New York, kwa sababu njia yake yapanda kaskazini na kuukata ule upepo ubavuni badala ya kwenda nao uso kwa uso muda mrefu. Kurudi atapunguza kama nusu saa au zaidi, si sana.

Kingine kinachobadilisha masaa ni siasa, na hili linaniuma. Anga ina wenyewe, kila nchi yalipisha ndege zinazopita juu yake na yaweza kufunga wakati wowote. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 anga ya Sudan ilifungwa, na umeona uzi wa Mombasa kwenda kaskazini unapita wapi, karibu na Khartoum penyewe. Ndege za kwetu za kwenda Ulaya zikalazimika kuzungukia pembeni, mafuta zaidi, dakika zaidi. Na tangu mwaka 2022 Urusi imezifungia ndege za Ulaya, Marekani na Canada, na wao wakaifungia yake, ndio ukaona Finnair waliokuwa wakienda Helsinki mpaka Tokyo kwa masaa tisa na nusu sasa wachukua kama 13. Ndege za Uturuki na za Ghuba hazikufungiwa ndio maana Dubai mpaka Seattle bado yapita huko juu. Kwa hivo mtu akikuonyesha masaa ya safari ya mwaka 2019 usiyachukue tu, angalia ya leo.

Haya, sasa tuje kwa ile ya kuondoka Jumatano na kufika Jumatano.

Kenya hatubadilishi saa, tuko mbele ya saa ya dunia, ile iitwayo GMT, kwa masaa matatu mwaka mzima. Uturuki nao tangu 2016 wako matatu hayo hayo mwaka mzima, kwa hivo mama akishuka Istanbul saa yake ya mkononi iko sawa, asiguse kitu. Seattle wako nyuma ya saa ya dunia kwa masaa nane majira ya baridi na saba majira ya joto, wao wabadilisha Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Kwa hivo mwezi wa kwanza sisi tuko mbele yao masaa 11, na kwenye mwezi wa saba itakuwa 10.

Tiketi yako yasema aondoka Mombasa Jumatano 04:00, hio ni saa kumi alfajiri. Masaa saba, yuko Istanbul saa tano asubuhi. Akae masaa manne, ndege ya pili yaondoka saa tisa alasiri. Ongeza masaa 11 na dakika 45: saa yako wewe ya Likoni itakuwa imefika saa nane na dakika 45 usiku, tayari ni Alhamisi. Toa masaa 11 upate saa ya Seattle: Jumatano 15:45, saa kumi kasoro robo alasiri. Ndio ile iliyoandikwa. Ukiangalia tiketi waona kama ametumia masaa 11 na dakika 45, kumbe ni 22 na dakika 45, hayo 11 mengine ameyapewa na dunia kwa kukimbia na jua. Na akirudi atayalipa: akitoka Seattle Jumatano saa kumi na mbili jioni, kwetu itakuwa Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, akipanda ndege ya masaa 11, akasubiri manne, akapanda ya masaa saba, atafika Moi Ijumaa saa tisa usiku. Alhamisi yake yote itaishia angani na eapoti.

Na hapa naomba usikilize vizuri sana manake hili nimeona limeharibu safari za watu wazima wenye akili zao. Tiketi yaandikwa kwa saa za Kizungu na tarehe yabadilika saa sita usiku. Sisi kwetu usiku wa kuamkia Jumatano twauita usiku wa Jumatano tangu magharibi ya Jumanne, lakini kuna wengine usiku ule wauhesabu bado ni Jumanne, na mwingine akisikia ndege ya Jumatano alfajiri apanga kutoka nyumbani Jumatano. Tiketi ya Jumatano 04:00 yataka mama awe eapoti saa saba usiku, yaani mtoke Likoni Jumanne usiku. Tena msitegemee feri usiku huo mkiwa na mzee na mabegi, piteni barabara ya Dongo Kundu mtokee upande wa pili mkiwa na nafasi yenu. Na ukisoma 04:00 usiseme ni saa nne. Nimeona mtu amefika kiwanjani saa nne asubuhi na mabegi yake manne amependeza kweli kweli, ndege ishaondoka masaa sita yaliyopita.

Tuje kwa mama mwenyewe.

Ile tiketi ya New York mimi kwa mzee wa kusafiri peke yake siitaki, hata ikiwa bei ya chini. Kwanza ukiingia Marekani, mji wa kwanza kutua ndio unapofanyia mambo yote ya paspoti na forodha. Akipitia New York atasimama foleni ya uhamiaji, achukue mabegi yake mwenyewe kwenye mkanda, apite forodha, ayarudishe tena, pengine atafute jengo lingine, akaguliwe upya, ndio apande ya Seattle, na yote hayo ametoka kukaa masaa 15 kwenye kiti. Akipitia Istanbul au Dubai mabegi yanaandikwa Seattle toka Mombasa, katikati abeba mkoba tu, na uhamiaji wa Marekani ataufanya mara moja Seattle ambapo mwanawe yuko nje anamngoja. Pili, muulize ejenti kama hio ya New York ni tiketi moja au ni mbili zimeunganishwa, kwa bei hio nashuku ni mbili. Ikiwa ni mbili na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halimjui, tiketi imekufa na mtanunua nyingine pale pale kwa bei ya siku hio. Tiketi moja ni tofauti, ikichelewa wao ndio watafute ya kumpandisha. Hili ni muhimu kuliko ile bei mliyopunguziwa.

Kati ya Istanbul na Dubai, kwa mwingine ningesema ni sawa. Kwa mama nachagua Istanbul, na sababu si yale masaa manne tu. Ni jinsi safari ilivyogawika. Dubai yampa kipande kimoja cha masaa 14 na nusu bila kusimama, Istanbul yampa 7 alafu karibu 12. Kukaa kwenye kiti zaidi ya masaa manne bila kusogea kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kwa mtu wa umri wake hio si ya kupuuza, kwa hivo kila muda aamke atembee mpaka choo na kurudi hata kama hana haja, anyooshe vifundo vya miguu akiwa amekaa, anywe maji manake hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Mwombee kiti cha njiani asione haya kuwaamsha watu. Akiwa na sukari au presha aende kwa daktari wake kabla, amuulize saa za dawa zitakuwaje kwenye siku yenye masaa 35, kwa sababu ndio urefu wa Jumatano yake hio ukihesabu, na dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi si kwenye begi la chini.

Kuhusu kubadilisha ndege, masaa manne pale Istanbul ni mazuri, usibabaike ukaona ni mengi. Kiwanja kile ni kikubwa mno, kutoka mlango mmoja mpaka mwingine mtu mzima atembea nusu saa. Ejenti akikuletea ya kubadilisha kwa saa moja na dakika kumi ati masaa yamepungua, mwambie hapana. Ya masaa kumi na mbili nayo hapana, mzee atalala kwenye chuma. Na wakati wa kununua, sio siku ya safari, mwambie aandike kwamba mama ataka kiti cha magurudumu. Ni bure, wala si lazima awe mgonjwa, yatosha kwamba hawezi kutembea mbali. Faida yake si magurudumu, faida ni yule mtu anayekisukuma, atampokea mlangoni, atampitisha kwenye ukaguzi, atamfikisha mpaka mlango wa ndege ya pili bila mama kusoma hata kibao kimoja cha Kituruki. Mjulishe mapema lakini, asije akakataa kwa kuona aibu akifika pale.

Mwandikieni pia karatasi moja kwa Kiingereza yenye jina lake, namba za ndege zote mbili, anakokwenda, jina na simu ya mwanawe na anwani ya nyumba. Uhamiaji watamuuliza atakaa wapi na kwa muda gani, na mtu aliyetoka kukaa siku nzima kwenye ndege husahau hata jina la mtaa wake.

Kakako naye mwambie asihesabu kutoka saa ya kutua. Ikitua saa kumi kasoro robo, foleni ya paspoti na mabegi yaweza kuchukua saa moja na nusu au mawili, kwa hivo asipige simu nyumbani kwa wasiwasi saa kumi na dakika tano, manake kwenu itakuwa saa tisa usiku na nyote mtaamka na moyo mkononi. Na siku za mwanzo mama ataamka saa nane za usiku macho makavu, atake chai, alafu mchana aporomoke usingizi. Mwili wake bado uko Likoni. Atolewe nje apate mwanga wa mchana, hata kama ni mawingu ya Seattle, asilazwe mchana kutwa, na hapo atahitaji kama wiki hivi kabla hajakaa sawa, kwa masaa 11 ni kawaida. Asipewe mtoto mchanga kumshika usiku peke yake siku mbili tatu za kwanza, usingizi unamkata mtu bila taarifa.

Kwa hivo nunueni ya Istanbul, iwe tiketi moja, mabegi mpaka Seattle, na umuulize ejenti kama ndege ya Mombasa yatua njiani siku hio. Ukishaipata nitumie saa na tarehe kama zilivyoandikwa, zote nne, ya kuondoka na kufika kwa kila ndege, ntakupigia hesabu ya saa ya kumtoa mama nyumbani na saa ambayo kakako aingie kwenye gari.